Mkate Wenye Mfuko

Jua likishazama Kitengela, vigari vya soseji za smokie hujipanga kando ya barabara ya Namanga, karibu na steji za matatu. Muuzaji huchukua smokie moja ya moto, huilaza juu ya kibao kidogo na kupitisha kisu katikati kwa urefu wake. Hapo ndipo penye ufundi. Kisu hakifiki chini. Hubaki ngozi nyembamba inayoshikilia pande mbili kama bawaba ya mlango. Pande hizo zinafunguka, kachumbari inaingia, pilipili inafuata, na mteja anakula akiwa amesimama bila kipande cha kitunguu kumwangukia kiatuni. Hiyo ndiyo smokie pasua. Yai la kuchemsha nalo hupasuliwa vivyo hivyo. Vijana wa kazi hii hawajaandika popote wanavyofanya, lakini mikono yao inajua jambo ambalo wapishi wengi wa mji huohuo bado wanalihangaikia: kufungua kitu bila kukiharibu.

Kinachowahangaisha, wasikilizaji, ni mkate wa pita. Umeshaingia mjini. Unauzwa kwenye supamaketi ukiwa umepangwa ndani ya pakiti, unatolewa kwenye mikahawa inayouza shawarma, na wazazi huwafungia watoto wa shule badala ya mkate wa slesi. Sifa yake ni ule mfuko ulio ndani. Lawama yake nayo ni mfuko huohuo. Mtu anauchukua asubuhi akiwa na haraka, anauvuta ufunguke, unararuka ubavuni, na maharagwe yote yanatokea upande wa pili. Wengi hukata tamaa baada ya mara mbili tatu, wakasema mkate ule ni mbovu. Kwa kawaida mkate hauna kosa. Umefunguliwa ukiwa baridi, ukiwa mkavu, na umefunguliwa kwa nguvu.

Jina lake hushangaza kidogo sikio la Mswahili, kwa kuwa kwetu pita ni ruhusa ya mtu kwenda zake. Neno limetoka upande wa Mediterania. Wagiriki huuita hivyo, na ndilo jina lililoenea duniani. Waarabu wa Syria na Lebanoni huuita khubz, yaani mkate, basi, kwa maana kwao mkate ndio huo. Wamisri wana ndugu yake wa unga wenye pumba, wanaouita aish, neno lenye maana ya maisha, na hawalitumii kwa mzaha. Mwaka 1977 serikali yao ilipojaribu kupunguza ruzuku ya vyakula, watu waliingia mitaani hadi uamuzi ukafutwa. Kwa zaidi ya miaka 30 mkate huo wa ruzuku uliuzwa kwa piasta 5 tu, na bei ilipopandishwa hadi piasta 20 mwezi Juni 2024, habari hiyo ilitangazwa dunia nzima.

Mfuko wa pita hutengenezwa na mvuke. Donge la unga wa ngano husukumwa likawa bamba la unene wa nusu sentimita hivi, kisha huingizwa kwenye oveni yenye joto kali, nyuzi 230 hadi 260 za Selsiasi kwa oveni za nyumbani, na zaidi sana kwenye matanuri ya waokaji. Uso wa juu na wa chini hushika haraka, huku katikati kukiwa bado na maji mengi. Maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyoyatosha maji. Hauna pa kutokea. Unasukuma tabaka la juu lisigusane na la chini, na mkate unavimba kama mpira uliojazwa pumzi. Dakika mbili tatu kazi imekwisha. Ukitolewa motoni unanywea, tabaka zinalaliana, na asiyeujua akiutazama ataona kitu kama chapati nene isiyo na siri yoyote ndani.

Kwa hiyo anayefungua pita hachimbi njia mpya. Anainua tabaka ambazo moto ulishazitenga.

Ni muhimu kujua pia kwamba tabaka hizo mbili hazilingani. Mara nyingi moja ni nyembamba kuliko nyenzake, na hiyo ndiyo hutangulia kuraruka. Ukiushika mkate na kuuinua kuelekea dirishani, au ukiubinya taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada kuuzunguka ukingo wote, utahisi ni wapi pamekonda na ni wapi pameshikana. Sekunde kumi za uchunguzi huo humwokolea mpishi mkate mzima.

Mtu wa Pwani haya hahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu amekua na hamri mkononi. Mahamri hukandwa kwa tui la nazi na iliki, huumuliwa kwa hamira, hukatwa vipande na kutumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka. Humo kwenye karai mvuke hufanya kazi ileile: hamri zuri huvimba likawa tupu ndani. Mlaji hulifungua pembeni likiwa bado na joto lake, akatia mbaazi za nazi, na likafumbata mchuzi bila kuvuja. Akiliacha hadi lipoe na kukakamaa, litavunjika vipande mkononi, na hapo itambidi achovye tu. Jina la mahamri limetokana na hamira, neno tulilolipata kwa Waarabu. Na hadi leo huko Imarati kuna mkate wa kuumuliwa uitwao khameer, wa mzizi huohuo. Kuna pia mkate wa mofa, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, ambao ndugu zetu Wasomali wana wa kwao uitwao muufo. Na Unguja kuna mkate wa ufuta, ambao ukiiva upande wa chini hugeuzwa pamoja na kikaango ili uso wake wenye ufuta uuone moto wa makaa. Mikate hii yote huliwa ya moto au yenye uvuguvugu. Hakuna bibi wa Pwani anayempa mgeni mkate wa mofa uliotoka kwenye friji.

Bara nako kuna chapati, na chapati ndiyo mwalimu wa karibu zaidi kwa mpishi wa Kitengela. Kila nyumba inajua chapati inapotoka kwenye tawa huwekwa wapi: juu ya nyenzake, ndani ya kitambaa, na hotpoti ikafunikwa. Chapati ya kwanza huwa na uso mkavu kidogo ikitoka motoni. Nusu saa baadaye, ikiwa imefungiwa na mvuke wa dada zake, inakunjika mara nne bila kuonyesha ufa. Mpishi yuleyule anayefanya hivyo kwa chapati bila hata kufikiri, akipewa pita huitoa kwenye pakiti na kuivuta papo hapo. Ujuzi anao. Hajauhamisha tu kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Tuingie sasa kwenye sababu ya mkate kuwa mgumu, kwa sababu hapo pana imani moja iliyokosewa na wengi. Watu husema mkate uliolala umekauka, yaani maji yametoka. Ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba mkate huwa mgumu hata ukifungiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto hurudia ulaini wake. Kinachotokea ni kwamba wanga uliolegezwa na joto wakati wa kuoka huanza kujipanga upya na kushikana mkate unapopoa. Maji bado yamo humohumo. Wanga ndio uliokaza. Joto la kuanzia nyuzi 60 hivi huufungua tena ule wanga, na mkate ukawa kama uliotoka kwenye oveni, ingawa kwa muda mfupi. Ukipoa mara ya pili hukakamaa kuliko mwanzo.

Kutokana na hilo yafuata jambo ambalo huwashangaza wengi. Friji ndiyo adui mkubwa wa pita. Katika ubaridi wa friji, ambao hauko mbali na nyuzi 4, wanga hushikana haraka kuliko mkate ukiachwa kabatini. Friza, kwa upande wake, huusimamisha mchakato huo. Mkate wa kuliwa leo au kesho ukae kabatini ndani ya pakiti yake iliyofungwa vizuri. Wa wiki ijayo uende kwenye friza, ukitenganishwa kwa karatasi ili utoke mmojammoja. Katikati ya hayo mawili, kwenye rafu ya friji karibu na maziwa, hapafai.

Kajiado, kaunti yenye mji wa Kitengela, ina hali ya hewa yake pia. Kaunti hii ni ya nchi kame na nusu kame. Kitengela iko kwenye nyanda za Kaputiei, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake mwezi Januari na Februari huanika nguo kabla mfuaji hajamaliza beseni la pili. Upepo nao hauhitaji utangulizi: huko Kipeto, ndani ya kaunti hiyohiyo, mitambo 60 inazungushwa nao na kutoa umeme wa megawati 100. Upepo kama huo ukipita dirishani na kukuta pita imeachwa wazi mezani, saa moja inatosha kuufanya ukingo wake kuwa kama karatasi. Kwa hiyo mkate wa hapa hupatwa na mambo mawili kwa pamoja. Wanga unakaza ndani kama popote duniani, na ngozi ya nje inapoteza maji kuliko Mombasa, ambako hewa yenyewe ina unyevu. Joto pekee hutibu la kwanza. La pili linataka maji.

Maji yenyewe ni machache mno. Katika mji ambako nyumba nyingi hununua maji ya mitungi au ya lori, ni vyema kusema wazi kwamba kijiko kimoja kinatosha mkate mmoja, pande zote mbili. Mpishi huchovya vidole na kunyunyizia, au hupangusa uso wa mkate kwa kiganja chenye unyevu. Mkate usilowe. Ukilowa, tabaka nyembamba inageuka uji na kushikamana na nyenzake.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya tawa au kikaango kizito juu ya moto wa wastani, bila mafuta. Mkate ulionyunyiziwa maji huwekwa sekunde 30 hivi, ukageuzwa, ukawekwa sekunde 30 nyingine, na kifuniko juu ili mvuke usitoroke. Mara nyingine jambo la kupendeza hutokea: mkate unavimba tena, kidogo au wote, kama siku ulipookwa. Maji machache yaliyobaki ndani yamekuwa mvuke na yamezitenga tabaka kwa mara ya pili. Mkate uliovimba hivyo umejifungua wenyewe. Kazi ya kisu itakuwa kukata mlango tu. Ila usibanwe kwa mwiko kama chapati, kwa sababu kubana huko kunautoa mvuke kabla haujamaliza shughuli.

Penye jiko la makaa, na Kitengela majiko hayo ni mengi, mkate huwekwa pembeni mwa wavu ambako joto limepoa, si katikati kwenye mwali. Wachoma nyama wanajua kila wavu una upande mkali na upande wa kupumzishia mbavu. Huo wa pili ndio wa mkate. Gesi nayo inafaa kwa mwenye koleo na mkono mwepesi: mkate unapitishwa juu ya mwali, upande huu na upande ule, bila kusimama. Akisimama, tabaka nyembamba inaungua na kuwa kama kaki, na kaki haifunguki.

Kwa mikate mingi, oveni ya nyuzi 180 na mikate minne mitano ikiwa imefungwa pamoja kwenye karatasi ya foili, dakika tano hadi nane. Asiye na oveni anaweza kuweka chujio au kikapu cha mvuke juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Kwa kimo cha Kitengela maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, lakini hilo halina neno, kwa kuwa wanga unalegea mapema kabla ya hapo. Maikrowevu pia inafanya kazi kwa haraka: kitambaa chenye unyevu, sekunde 15, kisha mkate ufunguliwe na kujazwa palepale. Ukiongezwa muda ndani ya maikrowevu, mkate hutoka laini na dakika tatu baadaye unavutana kama mpira wa gari. Hii ndiyo njia inayopotosha watu kuliko nyingine, maana mwanzo wake ni mzuri.

Baada ya njia yoyote kati ya hizo, kituo kinachofuata ni kimoja. Kitambaa safi, hotpoti, kifuniko. Dakika mbili tatu za kukaa humo ni sehemu ya upishi. Mvuke unaotoka ndani ya mkate unarudi kulainisha ngozi ya nje na ukingo, na ukingo ndio mahali pa hatari. Pia vidole vinapata usalama. Mfuko wa pita uliotoka motoni umejaa mvuke, na mvuke huo ukifunguliwa ghafla humchoma mtu vidoleni kabla hajajua kimetokea nini.

Sasa kisu. Anayetaka mifuko miwili huukata mkate katikati, nusu kwa nusu, kwa kisu chenye meno, akikivuta kama msumeno bila kukandamiza. Kukandamiza hugandisha tabaka mbili mahali palepale zinapotakiwa kuachana. Anayetaka mfuko mmoja mkubwa hukata utepe mwembamba ukingoni, upana wa kidole hivi, urefu wa theluthi ya mzunguko, na kuacha sehemu nyingine nzima. Muuzaji wa smokie angeielewa kanuni hii mara moja. Mlango uwe mdogo, bawaba iwe kubwa.

Mlango ukishakatwa, kinachoonekana ni mstari kama mdomo uliofumbwa. Hapa ndipo haraka huharibu kila kitu. Mpishi mtulivu huulaza mkate kwenye kiganja cha kushoto, tabaka nene ikiwa chini, na kuubonyeza kidogo pembe zake mbili zikaribiane. Mdomo unaachama wenyewe. Anaingiza ncha ya kidole kimoja, kisha cha pili, na kuvitandaza vidole polepole kama mtu anayefungua kurasa za kitabu zilizogandishwa na unyevu. Nguvu yote inaelekea kwenye tabaka nene. Ile nyembamba haivutwi. Inaachwa ilale juu ya migongo ya vidole na kusindikizwa. Akifika mahali palipokwama, kidole hakisukumi. Anachukua kisu cha siagi, kile kisicho na makali, anakiingiza kikiwa kimelala bapa na kukizungusha kulia na kushoto kama upepeo. Nyuzi nyembamba za mkate zinazounganisha tabaka zinakatika moja baada ya nyingine, na ukisikiliza utazisikia. Kisu kikiinuliwa ncha juu, kinatoboa. Kikilala, kinafungua. Tofauti ya mkate mzima na mkate uliotoboka ni huo mlalo wa kisu.

Usifunguliwe hadi mwisho wa mfuko. Ukibaki upana wa kidole kimoja bila kuachana huko chini, sehemu hiyo ndiyo itakayobeba uzito.

Mwenye mikate mingi ya kufungua, kwa mfano mama anayeuza chakula cha mchana kwa wafanyakazi, ana njia ya kujisaidia kabla hata ya kisu: auviringishe mkono wake wazi juu ya mkate wenye joto, kwa uzito mdogo, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Msukumo huo unazitelezesha tabaka mbili kidogo na kuachanisha zilipogusana. Chupa ya soda iliyo tupu na safi, au kifimbo cha kusukumia chapati, hufanya vilevile, mradi isigeuke kuwa kusukuma kweli.

Kuhusu cha kutia ndani, Kajiado haina upungufu. Hii ni nchi ya nyama, na mbuzi wa kuchoma aliyebaki jana, akikatwa vipande vidogo na kupashwa moto barabara, anaingia kwenye pita kama aliumbiwa humo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, na wametoka kila pembe ya Kenya, kwa hiyo yupo atakayetia ndengu, yupo wa sukuma wiki na mayai, na yupo wa maharagwe na parachichi. Bajia za kunde nazo zinastahili kujaribiwa, kwa sababu kunde zilizolowekwa, zikamenywa, zikasagwa mbichi na viungo na kukaangwa hazina umbali mkubwa na falafeli ambayo Waarabu huitia kwenye mkate huohuo. Kinacholeta matatizo ni kachumbari. Nyanya zina maji, na mfuko hautaki maji. Ichujwe kwanza, iwekwe mwisho, na kati yake na mkate paingie jani kavu la letasi au kabichi. Nyama na vitu vizito vitangulie chini, karibu na ile sehemu isiyofunguliwa. Mchuzi wowote upakwe kwenye tabaka nene. Na mkate usijazwe zaidi ya theluthi mbili, hata kama mteja anataka kuona umefura, kwa sababu meno yakiuma mara ya kwanza husukuma kila kitu kuelekea mlangoni.

Itatokea mmoja uraruke tu. Hautupwi. Ukiwa na ufa mdogo, kipande cha mkate mwingine huwekwa kwa ndani kama kiraka kabla ya kujaza. Ukiwa umechanika sana, unakunjwa kwa kuviringishwa kama rolex ya Kampala, ambayo haihitaji mfuko wowote, ila chapati laini na mayai. Na vipande vilivyobaki Walebanoni hukausha au kukaanga, wakavichanganya na mboga mbichi, wakaita fattoush. Jikoni kwa Mkenya vitakwenda vizuri kabisa na mchuzi.

Wako ambao wataona bei ya pakiti dukani si ya kila siku, na hao nao wana njia. Unga wa ngano wa kawaida nusu kilo, hamira vijiko vidogo viwili, chumvi kijiko kimoja, mafuta vijiko vikubwa viwili, maji ya uvuguvugu kama mililita 300. Ukandwe dakika kumi. Kwa kimo cha hapa donge huweza kuumuka upesi, kwa hiyo linatazamwa. Likishakuwa maradufu limetosha, saa haina neno. Linagawanywa vidonge vinane, vinapumzishwa robo saa, vinasukumwa. Bamba lisiwe na mkunjo wala tundu, kwani mvuke hutorokea hapo na mfuko hauzaliwi. Kikaango kiwe cha moto sana: upande wa kwanza nusu dakika, upande wa pili dakika moja hivi, kisha ugeuzwe tena na kuachwa uvimbe. Haubanwi. Unakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa, na wa pili juu yake. Mkate uliookwa nyumbani na kufunguliwa ndani ya saa moja karibu hauna mtu unayemshinda, hata mtoto.

Ngano yenyewe haiko mbali. Jirani wa Kajiado upande wa magharibi ni Narok, moja ya kaunti zinazolima ngano kwa wingi nchini, ingawa sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya bado inatoka ng'ambo. Mara nyingi mkate unaoraruka na kutupwa Kitengela ni unga ulionunuliwa kwa fedha za kigeni, na hilo ni sababu tosha ya kuushika kwa heshima.

Kuna ombi moja kwa wenye maduka na mikahawa ya Kitengela, Isinya na Kajiado mjini. Duka linaloweka pita kwenye friji liitoe humo, iwe rafuni ikiwa ya leo au kwenye friza ikiwa ya kukaa. Na mkahawa unaomkabidhi mteja mkate baridi na sahani ya nyama pembeni umpashie moto kwanza, uufunike kwa kitambaa, na umpelekee ukiwa umeshafunguliwa. Ni kazi ya dakika tatu na kijiko kimoja cha maji.